Mama Ajenda na Ombi Namba 44

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, mheshimiwa Naibu Meya uliyekuja kutupa pole, wafanyakazi wa Jumba la Jiji, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma na madaftari yenu magotini, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa mimi ni fundi bomba, niliyezoea kuongea na mifereji kuliko watu, naomba mnivumilie nikikwama. Sehemu kubwa ya karatasi hizi aliiandika yeye mwenyewe akiwa kitandani, kwa mtindo wa muhtasari wa kikao, akaacha agizo kwamba zisomwe zote bila kuruka ukurasa. Jana mchana tulipokaa kama familia tulivutana sana juu ya ukurasa wa nne, shemeji yangu akaomba tuuache, nami nikakubali kwa shingo upande, lakini leo asubuhi kuna jambo limetokea mlangoni kwetu na nimebadili nia, kwa hiyo shemeji, naomba uniwie radhi.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mmemjua kwa jina la Mama Ajenda, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika nyumba ya pili kutoka kona ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, mlinzi wa ghala, na mama yetu, mfua mashuka wa hospitali. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa na daftari la zamu za kuchota maji, na ukibisha kwamba leo si zamu yako alikufungulia ukurasa akakuonyesha alama ya kidole chako mwenyewe, na mimi niliyemfuata kwa miaka minne nimeonja joto ya daftari lile kuliko mtu yeyote aliyeketi hapa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1975 hadi 1978, kisha akasomea uhazili kwa miaka miwili, akahitimu tarehe 28 Novemba 1980 akiwa wa kwanza katika hati mkato. Tarehe 2 Juni 1981 aliajiriwa katika Jumba la Jiji kama mpiga chapa, na mwaka 1988 akapandishwa kuwa karani wa vikao, akapewa chumba namba 12, mwisho wa korido ya ghorofa ya kwanza, chenye dirisha dogo la kupokelea barua, muhuri mmoja, na saa ya ukutani iliyokuwa ikimtazama yeye na mgeni wake kwa pamoja.

Ni katika dirisha lile, alipokuwa bado mpiga chapa akimshikia karani zamu ya mchana, ndipo alipokutana na mumewe, aliyekuwa dereva wa gari la zimamoto, ambaye alikuja kuomba mipira mipya ya maji akarudishwa kwa sababu barua haikuwa na tarehe, akaja tena akarudishwa kwa sababu haikuwa na saini, na mara ya tatu akaja na barua mbili, moja ya mipira na nyingine ya posa, zote zikiwa na tarehe na saini, hakukuwa na sababu ya kumrudisha. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1987 ambaye leo ni nesi, na kijana aliyezaliwa mwaka 1990 ambaye ni mpima ardhi, na wajukuu wanne.

Sasa nije kwenye kazi iliyompa jina. Mwezi Februari 1994 wanafunzi sita walikuja Jumba la Jiji kulalamika kwamba bomba la shule yao limekauka, mlinzi akawafukuza getini akisema hapa si mahali pa watoto, dada akashuka ngazi na kalamu sikioni, akawaambia mbele ya mlinzi, "Hapa ni kwenu, ila mmeingia kwa mlango usio wenu, njooni niwaonyeshe mlango." Kuanzia wiki ile akawa na darasa, kila Jumanne vijana kumi na wawili kuzunguka meza ya jikoni kwake, na kila Alhamisi ya pili ya mwezi, siku ya baraza, anawaketisha safu ya mbele ya roshani ya wageni ili madiwani wanapoongea waone kuna watu wanaandika. Aliwafundisha kwamba neno la mwananchi huandikwa, hugongwa muhuri, hupewa namba, hupita kwenye kamati, hufika barazani, na huteremka kwa mkuu wa idara ambaye lazima ajibu, na nyumbani waliigiza kikao kizima, mmoja Meya mwenye mwiko wa ugali wa kugongea meza, mwingine mhandisi wa kukwepa maswali, na shemeji akiwa mwananchi mwenye hasira, nafasi aliyoimudu bila mazoezi. Mimi nilimwelewa kwa njia ya kazi yangu, kwamba maji hayatoki kwa kulaaniwa, lazima ujue vali iko wapi. Mheshimiwa Naibu Meya, wewe ulikaa kwenye meza ile mwaka 1996, uliigiza mhandisi, na dada alisema hajawahi kupata mwanafunzi anayekwepa vizuri kama wewe.

Ukurasa wa nne unaanza hapa, na nausoma kama alivyouandika. "Jumatano, tarehe 8 Machi 2017, saa sita na dakika ishirini mchana, wasichana watatu wa darasa langu walifika dirishani na ombi kuhusu mashimo kumi na moja ya mtaro wa barabara ya shule, ambayo mifuniko yake ya chuma ilikuwa imeibwa. Kanuni inasema maombi ya kikao cha kesho yapokelewe kabla ya saa sita kamili. Nilikuwa na muhuri mkononi. Niliwaonyesha saa ya ukutani, nikawaambia waje mwezi ujao, na kwamba leo wamejifunza maana ya kanuni. Msichana aliyeshika karatasi, tuliyekuwa tukimwita Spika, aliniambia, 'Lakini mama, ajenda haijachapwa, naiona hapo mezani.' Ilikuwa kweli, haikuwa imechapwa. Nilifunga dirisha."

Tarehe 21 Machi 2017 mvua ilinyesha kutwa nzima, mtaro ukafurika, shimo na barabara vikawa rangi moja, na mdogo wake Spika, mtoto wa darasa la kwanza, mwenye miaka saba, alitumbukia katika shimo la mbele ya lango la shule akitoka masomoni, na hakutolewa akiwa hai. Mama yao ni fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na lango lile, alikuwa ameinamia kazi yake na hakuona kitu mpaka aliposikia watoto wakipiga kelele. Sijui nisemeje zaidi ya hapo, nimejaribu mara nyingi kuandika sentensi ya kufuata na kila mara nimeifuta.

Baada ya mazishi yale dada alikwenda kibandani, akamweleza yule mama yote, saa, muhuri na dirisha, akaanza kulia, na yule mama bila kuacha kushona alimwambia, "Usije kunililia hapa. Nenda kafunike shimo." Jioni hiyohiyo dada alinijia karakanani, tukachomelea mfuniko wa chuma, kesho yake tukaufunga kwa saruji, yeye akichanganya kokoto kwa mikono ya karani. Nilimwambia nipe wiki mbili nitayafunika na kumi yaliyobaki, akakataa katakata, akasema hayo ni ya jiji, na tukiyafunika sisi vijana watajifunza kwamba jiji halipo, tukagombana hapo barabarani watu wakatazama, tukanuniana miezi miwili, na hadi leo ninaposimama mbele ya jeneza lake sijui ni nani kati yetu alikuwa sahihi, ila najua kwamba kila mvua ikinyesha mimi hutoka na tochi na kamba kwenda kuyazunguka yale kumi.

Tarehe 12 Aprili 2017, saa mbili asubuhi, Spika alirudi dirishani na karatasi ileile, dada akaigonga muhuri, ikawa Ombi Namba 44, na barazani likaahirishwa mpaka kikao kijacho, na kijacho likaahirishwa tena. Kanuni inasema ombi lililoahirishwa lazima litiwe saini upya kabla ya saa sita mchana ya Jumatano inayotangulia kikao, na likikosa saini mara moja tu linafutwa na namba yake inakufa. Spika alilibeba mpaka alipokwenda chuoni, na dada alipostaafu tarehe 3 Machi 2021 akalichukua yeye, akawa anapanga foleni katika dirisha alilokalia miaka thelathini na mitatu, nyuma ya watu waliokuwa wakimwamkia na kumpisha, na yeye hakubali kupishwa. Limeahirishwa mara sabini na saba. Namba 44 ipo hai kwa sababu hiyo tu.

Mwaka 2020 aligundulika kuwa na kisukari na shinikizo la damu, Januari mwaka huu figo zikashindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alipopangiwa Jumatano alimsumbua daktari mpaka akahamishiwa Jumanne. Mwezi Agosti hakuweza tena kusimama, akasaini ombi kitandani, nikalipeleka mimi na buti zangu za matope. Tarehe 4 Septemba 2023 alilazwa, na Ijumaa tarehe 8 Septemba, saa kumi jioni, akaaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Siku moja kabla aliniuliza leo ni siku gani, nikamwambia Alhamisi, akasema, "Ya pili?" nikamwambia hapana, ya pili ni wiki ijayo, akafumba macho kama mtu aliyeahirishiwa safari.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia alipowauliza kanuni za wodi na kuzisahihisha, majirani waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake waliofunga dirisha la chumba namba 12 kwa saa mbili ili wafike hapa, na vijana wote wa meza ya jikoni. Mheshimiwa Naibu Meya nakushukuru pia, na nakukumbusha kwa heshima kwamba keshokutwa ni Alhamisi ya pili.

Sehemu ya mwisho nimeiongeza kwa mkono wangu leo asubuhi. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, yule mama fundi cherehani alifika mlangoni, na katika miaka sita hakuwahi kukanyaga kwetu, wala hakuwahi kuitikia salamu ya dada. Nilidhani amekuja kuaga. Akaniambia, "Sijamsamehe dada yako, na sikuja kwa hilo. Hiyo karatasi iko wapi?" Nikaileta, akaiweka juu ya mkoba wake, akaitia saini chini ya saini ya dada, taratibu, akaweka na tarehe, akaikunja akaondoka nayo. Yuko pale, mstari wa tatu, na Spika yuko kando yake, na kesho Jumatano saa mbili asubuhi watakuwa dirishani.

Dada yangu, umepumzika, uwe na amani, karatasi imeshasainiwa na safari hii haitachelewa.