Kwa Dalmas na Kwa Obiero Si Mtaa Mmoja

Funga mlango, Dorca, ukae hapa karibu na kichwa changu, na wewe Tom usisimame kama mtu anayeondoka, keti, maana nitakayosema nitayasema mara moja tu na kifua hiki hakitaniruhusu kurudia. Jana mchana nilikusikia hapo dirishani, Tom, ukimwambia yule mwalimu unayemtafutia nyumba kwamba Kwa Dalmas na Kwa Obiero ni mtaa mmoja, mtaro tu ndio unaougawa. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, Zadock baba yenu, na yalimuua mtoto.

Sikilizeni. Mwaka wa themanini na tano, nilipoacha kazi ya uashi bandarini, nilinunua nyumba Kwa Obiero, huku nyuma ya Kondele, bila kumuuliza mtu yeyote ila yule aliyeniuzia. Ilikuwa Januari, ardhi kavu, barabara moja, kanisa moja, mabati yaleyale pande zote mbili za mtaro. Mvua ya themanini na nane ndiyo iliyonionyesha kwamba sisi tulikuwa upande wa chini. Ikinyesha kule milima ya Nandi, hapa jua bado linawaka, na maji yako njiani. Yalifika dirishani. Mama yenu, Mungu amrehemu, aliwabeba ninyi wawili hadi Kwa Dalmas, na mjane mmoja aitwaye Adero, ambaye hakutujua, akatulaza sebuleni kwake wiki tatu.

Ilinipasa kuibomoa ile nyumba. Badala yake niliipiga plasta upya, nikapaka rangi juu ya mstari wa matope, nikangoja kiangazi. Akaja Masinde, karani mpole kutoka Kakamega, na mkewe Jentrix, binti yao Metrine mgongoni. Akaniuliza waziwazi, "Mzee, hapa ni Kwa Dalmas ama ni Kwa Obiero? Kazini wameniambia nisichanganye." Nikacheka. "Bwana, ni mtaa mmoja, mtaro tu ndio unaougawa." Adero alikuwa ng'ambo akianika dagaa wa omena. Alinitazama, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakuitikia salamu yangu mpaka alipozikwa. Kwa pesa za Masinde nikanunua nyumba hii mliyokulia, huku juu Kwa Dalmas.

Novemba ya tisini na saba, saa tisa alasiri, Metrine alikuwa ametoka shule, amejifungia ndani kwa sababu ya mvua. Nilisimama hapa juu nikauona ule ukuta ukienda na maji. Mimi ndiye niliyemtoa, ameshakufa. Masinde akanishika mikono yote miwili akanishukuru mbele za watu, nami nikazipokea shukrani zake. Mwaka haukuisha, Masinde naye akafa. Jentrix bado anaishi mle, katika vyumba viwili vilivyobaki.

Ngoja... maji kidogo, Dorca. Basi.

Nyumba hii simwachii yeyote kati yenu. Ni ya Jentrix, na karatasi nimeshatia sahihi, ziko kwa pasta. Mhamisheni kabla masika haijaanza, na mumweleze sababu, yote, hata kama atanilaani. Msimpe funguo kabla hajasikia.

Na wewe, Tom, mtafute yule mwalimu. Mwingize vyumbani kule Kwa Obiero, aone vitanda vimesimama juu ya matofali na unga umening'inizwa kwenye mbao za paa, kisha avuke mtaro aone wenzao wanavyolala bila wasiwasi. Agonge ukuta chini ya dirisha. Aulize jirani, asimuulize anayeuza. Utakosa kamisheni, ikose.

Mnizike Bondo, karibu na mama yenu. Dorca, inama. Mungu akutunze, mwanangu, nyumba yako isikose watu wala chakula, na watoto wako wakuzike wewe, usiwazike wao. Tom, sogea nawe... Mbona unatazama chini? Ameshalipa?

Anahamia lini?

Leo?

Pamoja na watoto wake?

Nenda. Maji ya Nandi hayangoji masika. Acha viatu, nenda hivyohivyo. Watoe kwanza watoto, vitu baadaye... Mwambie ni mimi... ni Zadock amesema. Baraka yako ninayo hapa, Tom, sijaitoa... nitakuwekea mkono ukirudi nao... Dorca, nishike... mgongo, uniinue kidogo... nimngoje nikiwa nimekaa.