Nyama Kila Siku na Damu Hakuna

Katika basi la Kajiado, Abdille, mchuuzi wa mbuzi, alimweleza shida yake mama aliyeketi karibu naye. Binti yake Faysa angepasuliwa kesho yake, na hospitali ilitaka damu. Abdille alijitolea, akapimwa, akaambiwa hata yeye damu yake ni kidogo.

"Mimi nakula nyama kila siku, mama. Damu itapungua aje?"

Mama huyo, Keziah wa Noonkopir, akataka kujua anaila na nini. Abdille akakiri kwamba ni ya kukaanga, na chipsi, na soda mbili.

"Chakula kama hicho kinauchokoza mwili," Keziah akasema. "Mwili ukichokozwa kila siku unafungia madini ya chuma, hautoi ya kutengeneza damu. Ni kama mbuzi wamejaa bomani na ufunguo umepotea. Sokoni utaenda na nini?"

Mimi, niliyeketi nyuma yao, nilisoma biolojia shule ya usiku. Nilitafuta kosa katika maneno yake, nikalikosa.

"Na wewe unakula nini?" Abdille akamuuliza.

"Maharagwe, sukuma na machungwa. Damu yangu haina shida."

"Alhamdulillahi. Basi tushuke pamoja, umpe Faysa painti moja."

Keziah, ambaye hakuwa amenyamaza tangu Kitengela, akageukia dirisha. Akasema sindano inampa kizunguzungu.

"Huko kuna kitanda," Abdille akamjibu. "Ama tumwombe huyu mzee anayetusikiliza."

Nikamwambia nina miaka sabini na minne. Sijawahi kuitaja kwa furaha hivyo.

Basi likasimama hospitalini. Abdille akashuka, akamwambia kondakta angoje kidogo, kuna mama anakuja.