Grisi ya Shingoni

Muuguzi aliyekaa dirishani alilivuta gauni lake jeupe upande, maana mwanamume aliyeketi karibu naye kwenye basi alikuwa amefungua kopo na kujipaka grisi shingoni, taratibu, kama mtu aliyetoka kuoga.

"Kaka, hiyo si losheni," alimwambia.

"Najua, dada. Nilikuwa fundi wa magari. Tangu nihamishiwe ofisini nanukia sabuni, na binti yangu ananikimbia kama mgeni. Wiki nzima hajanikumbatia."

"Mtoto humjua baba yake kwa sura na sauti."

"Basi kile kichanga cha wodini kwenu, kinachotafuta ziwa kikiwa kimefumba macho, humjuaje mama?"

Jambo hilo muuguzi aliliona kila siku, na kila siku alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. "Kwa harufu ya maziwa, kaka yangu. Si ya gereji!"

"Kila mzazi na maziwa yake," alijibu yule bwana, akajiongezea grisi nyuma ya sikio. Abiria wa nyuma wakaangua kicheko.

Basi likasimama. Kituoni alikuwapo mke wake, na mtoto amejificha nyuma ya gauni la mama. Muuguzi akabandika uso kwenye kioo na kuomba kimoyomoyo: Ee Mola, wewe uliyetupa pua, iongoze na hii ndogo.

Mwanamume alishuka, akachuchumaa. Mke wake akaziba pua. Mtoto akaliachia gauni.