Milioni Moja na Tisa: Maisha ya Baba Yetu, Mwalimu

Baba yetu, ambaye mtaa mzima uliendelea kumwita Mwalimu hata baada ya kustaafu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1938, mtoto wa nne wa seremala. Kuhesabu alijifunzia karakanani, kwa vipande vya mbao.

Alimaliza darasa la nane shule ya jirani, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1957. Tangu Januari 1960 hadi 1996 alifundisha hisabati katika shule moja, chumba kilekile cha mwisho kwenye korido. Mliopita mikononi mwake mnakumbuka: akikosea ubaoni alifuta taratibu, akasema, "Nilikuwa nawapima." Nyumbani pia tulipimwa sana.

Mwaka 1961 alipeleka suruali iliyochanika kwa fundi wa kushona, ambaye ndiye mama yetu. Cherehani yake ilikuwa na namba iliyogongwa kwenye chuma: 1,000,009. Mwalimu akaitazama, akatangaza kuwa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Mama, aliyeishia darasa la nne, akamuuliza, "Umezijaribu zote?"

"Sijazijaribu, ila najua."

"Haya. Siku ikigawanyika, utasema mbele za watu kwamba ulikosea."

Akakubali. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1962.

Kazi ile angeimaliza kwa wiki moja, lakini hakutaka. Kila mwaka, siku ya ndoa yao ilipofika, aligawa kwa namba tasa moja tu, kwa kufuata mpangilio: mbili, tatu, tano, saba, na kuendelea. Daftari lilikuwa lilelile, na Mama alisimamia, futi ya kupimia nguo ikiwa shingoni. Sisi watoto tuliona ni ubishi tu. Tulichelewa kuelewa kwamba alikuwa anajiwekea miadi na mke wake. Agosti 2023, mara ya sitini na moja, aligawa kwa 283, ikabaki 170. Siku hiyo alitamba hadi tukachoka naye.

Februari mwaka huu moyo wake ulianza kumsumbua. Wodini nilimwonyesha simu, nikamwambia, "Baba, hii inakupa jibu sasa hivi."

Akasema, "Iache, mwanangu. Zamu yake ni Agosti."

Hakuifikia. Alitutoka Jumanne, tarehe 2 Julai 2024, saa mbili asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Jana Mama aliomba daftari na penseli. Namba iliyofuata ilikuwa 293. Aligawa mwenyewe, polepole, akanipa nihakiki. Jibu ni 3,413, na hakikubaki kitu. Mama alicheka, kisha akalia. "Angekuwepo," akasema, "angeniambia alikuwa ananipima."

Mwalimu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja na wanafunzi wasio na idadi. Ameacha pia ahadi moja, na mimi, kitindamimba wake, naitimiza hapa mbele yenu.

Mama, Mwalimu alikosea.

Lala kwa amani, Baba.