Gari la Mkubwa Linakunywa Nini?

Kijiwe chetu cha karibu na stesheni ya Kindu kilikuwa taruma moja kuukuu la reli, limelazwa juu ya matofali ubavuni mwa cherehani yangu. Mimi nilishona abakosi, zile suti zisizovaliwa tai, za wakubwa huku masikio nimeyaacha nje. Mama Ndaya aliuza kahawa ya tangawizi kwenye birika lenye pua iliyopinda, na wateja wake wa kila asubuhi walikuwa wanne. Kulikuwa na Mukuna, fundi wa vichwa vya treni, tuliyemwita Lokomotivu kwa sababu akianza kusema hasimami mpaka kituo kinachofuata. Kulikuwa na Okito wa Kalima, dereva mstaafu wa lori la madini, jina lake la utani Tani Saba. Na kulikuwa na Florentin, karani mwenye cheti. Majina ya Ulaya yalikuwa yamepigwa marufuku siku hizo, kwa hiyo kwa sauti ya juu tulimwita Diploma. Wa nne, Badibanga, zamani tulimwita Mazuti, maana kwa miaka kumi aliendesha drezini, kile kigari kidogo cha kukagua reli, na mazuti yake, yaani dizeli, yalimnukia mpaka kanisani. Lakini siku nne kabla ya haya alipewa kazi ya kumwendesha mkubwa mmoja, ambaye hata leo sitamtaja, kwenye gari jipya la Kijerumani lililoshushwa kutoka behewani. Tangu siku hiyo akatukataza lile jina. Alitaka aitwe Sitwayeni Shofere, yaani Raia Dereva.

Asubuhi hiyo, saa tatu hivi, gari lilikuja kijiweni bila sauti. Hilo halikutushangaza, maana hata likiwa limewaka lilikuwa halisikiki. Kilichotushangaza ni wachukuzi wanne wa stesheni waliokuwa nyuma yake wakilisukuma. Badibanga alitembea kando ya mlango, mkono mmoja ndani ameshika usukani, kofia imelowa jasho.

— Sitwayeni Shofere, akaita Okito, mutuka imekufa?

— Haijakufa. Sijue. Sijaiamsha.

Wachukuzi wakaondoka. Badibanga akakaa kwenye taruma, akapokea kikombe cha Mama Ndaya, akakishika tu bila kunywa.

— Nimeinywesha mazuti, akasema.

Nilisimamisha cherehani. Alieleza yote, na aliyaeleza akitazama chini. Magari ya wakubwa yalijazwa mafuta kwenye depo ya reli. Yeye alifika dirishani na karatasi yake, mlinzi wa pampu akamtazama, akamjua, akamwuliza: kama kawaida? Naye akajibu: kama kawaida. Kawaida yake ilikuwa ya miaka kumi. Lita hamsini zilikwisha kuingia ndipo shofere mmoja wa gari la jipu, aliyekuwa nyuma yake akisubiri petroli, ile tuliyoiita esansi, akaangua kicheko: we ndugu, bibi arusi kama huyu unamunywesha mazuti?

— Tangu pale sijagusa ufunguo, akasema Badibanga. Na saa tano kuko kivuko cha Alunguli. Mukubwa anaenda Kalima kupokea wageni wa Kinshasa.

— Pole, ndugu yangu, akasema Mukuna. Lakini pengine mutuka yenyewe njo ya mazuti. Ulikuwa unatia nini siku zote?

— Hakuna siku nilitia. Ilishuka kwa behewa tangi imejaa. Leo njo mara ya kwanza.

— Basi muulize mwenyewe Mukubwa.

— Nimuulize? Nimemuendesha siku ine, kisha niende kumuuliza: Mukubwa, hii mutuka yako inakunywa nini? Atajua siku ine alikuwa anaendeshwa na muntu asiyeijua. Na nikiiamsha ikaharibika, hatasema Badibanga alikosea. Atasema Badibanga alifanya makusudi.

Neno hilo, makusudi, lilitufanya wote tugeuze shingo kutazama barabarani. Miaka ile mtu aliyeharibu mali ya mkubwa kwa makusudi alipelekwa mahali, na mkewe akabaki akiuliza ofisi hadi ofisi. Mke wa Badibanga, Mbombo, alikuwa na mimba ya miezi minane, na nyumba waliyolala ilikuwa ya kazi. Namwambia msomaji wazi kwamba niliogopa.

— Tangi haina kifuniko? akauliza Florentin. Kwa kifuniko wanaandika kinywaji yake.

— Kulikuwa kikaratasi ya kunata, akasema Badibanga polepole.

— Iko wapi?

— Niliisugua. Na mchanga na sabuni. Nilifikiri njo uchafu.

Mama Ndaya alijifunika mdomo na kitenge.

Mukuna akafungua boneti. Tulisogea wote. Ndani hapakuonekana injini. Paliwekwa mfuniko mweusi, mnene, uliofungwa kwa boliti zenye kichwa cha nyota. Mukuna alikuwa na funguo za kufungulia kichwa cha treni kizima, lakini ya nyota hakuwa nayo, wala Kindu nzima haikuwa nayo. Alipitisha vidole pembeni mwa mfuniko akagusa mabomba membamba.

— Pompe ya kusukuma mafuta! Mi naigusa! Basi ni mazuti. Esansi inakunywa kwa karabireta.

— Ile ilikuwa zamani, akasema Florentin, ambaye alikwisha kuchukua kitabu cha gari kwenye droo ya mbele. Kitabu inasema hii mutuka inazaliwa ya namna mbili. Sura moja, mwendo mmoja. Moja ya esansi, moja ya mazuti. Na zote mbili ziko na pompe ya kusukuma.

— Na hii yetu njo gani? akauliza Mukuna.

— Kitabu ni ya zote mbili. Kuko safu mbili, hapa na hapa. Ya mazuti inakunywa lita saba tu kwa kilometa mia.

Okito akacheka kwa hasira. — Saba! Lori yangu ilikuwa inakunywa saba mbele ya kutoka kwa lango ya mgodi. Diploma, hiyo kitabu inadanganya, funga.

— Lita saba, Tani Saba. Iko hapa. Kuko kitu inaitwa turubo. Moshi ukitaka kutoka, unapita kwa feni ndogo, feni inasukuma hewa ndani ya injini tena. Nguvu inapanda, mafuta inapungua.

— Inafanya kazi na moshi yake mwenyewe?

— Njo vile.

— Basi ukifunga bomba ya moshi, haitahitaji mafuta hata kidogo! Itajizungusha mpaka Kisangani!

— Itakufa pale pale, akasema Mukuna. Musikilize muntu wa reli. Mazuti ni ya vitu vya kubeba. Mazuti inapiga kelele, njo kazi yake, ili watu watoke njiani. Hii mutuka inapita karibu na kuku, kuku hainyanyue kichwa. Haiwezi kuwa ya mazuti.

— Sasa hivi ulisema ni mazuti! akasema Okito.

— Ilikuwa mbele, sijafikiri bado.

Badibanga alikuwa anawatazama mmoja mmoja, kama mgonjwa anayewatazama madaktari wakigombana juu ya kitanda chake. Saa ya ukutani mwangu ilionyesha saa tatu na nusu.

— Na ya esansi inasema nini? akauliza kwa sauti ndogo.

Florentin akalamba kidole akafunua kurasa. — Ya esansi iko na ordinateri. Sanduku ndogo yenye akili. Inapima kila tone mbele ya kulitia motoni.

— Inapima kila tone? Okito akasimama. — Basi imejua!

— Imejua nini? akauliza Florentin.

— Imejua si esansi. Imeandika. Sanduku ya akili haiwezi kunyamaza, itapeleka habari kwao Ulaya, Ulaya watapiga simu Kinshasa, Kinshasa watapiga simu hapa.

— Simu ya Kindu haifanyi kazi tangu Pasaka, nikasema mimi, nikitaka kumpa Badibanga pumzi.

— Watatuma telegramu!

— Mi naona dawa moja, akasema Mukuna. Tutoe mazuti kwa tangi, tutie mafuta ya ngazi. Mawese inakubaliwa na mashini yote.

— Nani alikuambia? akauliza Okito.

— Wakati wa vita vya waasi tulitembeza kichwa cha treni na mawese, kutoka hapa mpaka daraja.

— Ilifika daraja?

— Karibu na daraja.

— Tuitikise, akashauri Okito. Tuishike pembe ine, tuitikise sana, mazuti itapanda juu, esansi itabaki chini. Kwa Kalima tulikuwa tunatenga madini vile, kwa karai.

— Esansi ya wapi, na yeye hakutia esansi? akauliza Mukuna.

— Ile iliyobaki ya zamani!

— Na kama ile ya zamani ilikuwa mazuti?

Ikafika zamu ya Florentin, nami nilimtegemea, maana ndiye aliyekuwa na cheti. Alivua miwani.

— Mi ninafikiri Wajerumani waliweka injini mbili ndani. Ya esansi kwa mwendo, ya mazuti kwa kilima. Njo maana ya ule mufuniko: hawataki tuhesabu.

Hapo Badibanga aliweka kikombe chini, akaficha uso mikononi. Mabega yake yalitikisika. Mtu mzima, baba, mbele ya watu na mchana kweupe. Mimi niliona aibu kwa ajili ya kijiwe chetu, jinsi tulivyoifanya shida ya mwenzetu kuwa mchezo wetu.

Wakati huo Albertine akatokea njiani. Huyu alikuwa mpishi wa Mkubwa, mwanamke mnene wa miaka hamsini, hakuwahi kukaa kijiweni kwetu hata mara moja, na alikuja akihema.

— Baba Badibanga! Mukubwa amemaliza kunywa chai, anavaa viatu. Uko unafanya nini hapa?

Mama Ndaya akamwambia kwa maneno machache. Albertine akalitazama lile gari, boneti wazi, kitabu juu ya tairi.

— Mi sijue mambo ya mutuka, akasema. Lakini niulize. Kila asubuhi ninafagia baraza, ninakuona. Unageuza ufunguo kidogo, kitaa ya manjano inawaka pale mbele. Unangoja. Kitaa inazimika, kisha unaamsha. Ile kitaa ni ya nini?

Badibanga akainua uso. — Ile? Fundi aliyeishusha kwa behewa alinionyesha. Alisema: geuza nusu, ngoja taa izimike, kisha amsha. Kesho yake akarudi na treni.

— Sikuulize nani alikuonyesha. Ninauliza, mnakuwa mnangoja nini?

— Mi nilifikiri ni heshima, akasema Badibanga. Mutuka ya wakubwa. Kwa wakubwa unangoja kwanza.

Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja wetu angefikiri vivyo hivyo. Florentin akafunua kitabu haraka haraka. Okito akakuna kidevu, Mama Ndaya akamtazama Albertine, na mimi nikaitazama sindano yangu.

Kisha Mukuna akamshika Badibanga begani kwa nguvu.

— Mazuti!

— Nilikukataza jina hiyo.

— Nyamaza, nijibu. Drezini. Asubuhi ya baridi, mbele ya kuiamsha, ulikuwa unafanya nini?

— Ninabonyeza kibatani, ninahesabu mpaka makumi matatu.

— Kwa sababu gani?

— Ili ipate moto kwanza. Mazuti ya baridi haishike moto, lazima ndani kuwe…

Nilimwona akilifikia jambo lile taratibu, na uso wake ukabadilika.

— Esansi inapashwa moto? akauliza Mukuna. Wee, shofere wa jipu gani uliona anangoja kitaa?

— Hakuna, akasema Badibanga. Hakuna hata moja.

— Miaka kumi ulihesabu kwa mudomo. Hii inakuhesabia yenyewe. Ingia.

Mukuna akafunga boneti, Badibanga akaokota kikombe chake akakiweka juu yake, akafanya ishara ya msalaba, akaingia. Tukasogea dirishani wote, na Albertine mbele yetu. Akageuza ufunguo nusu. Kitaa cha manjano kikawaka. Mukuna akaanza kuhesabu, nasi tukamfuata bila kupanga, moja, mbili, tatu, Mama Ndaya na birika mkononi. Tulipofika saba kikazimika. Badibanga akafumba macho, akageuza.

Hatukusikia kitu. Okito akaanza kusema «ee Mungu», ndipo nilipoona kahawa katika kikombe cha Badibanga, alichokisahau juu ya boneti iliyofungwa kwa haraka, ikitetemeka kwa miduara midogomidogo. Gari lilikuwa linanguruma. Kwa mbali, chini kabisa, ta-ta-ta-ta, ile sauti ya drezini, lakini imevikwa blanketi.

Mukuna alimkumbatia Okito, Okito akamkumbatia Florentin, na Florentin, mwenye cheti, alikuwa analia waziwazi. Albertine hakukumbatia mtu. Alizunguka akaketi kiti cha nyuma, mahali pa Mkubwa, akasema amechoka kutembea na arudishwe.

— Kahawa imekwisha, akatangaza Mama Ndaya. Muliinywa yote mukisema uongo.

Badibanga akateremsha kioo. Alimwashiria Okito atwae kile kikombe juu ya boneti, kahawa bado imejaa, akavua kofia ya ushofere akaipangusa kwa kiwiko. Jasho lilikuwa bado linamtoka, lakini alikuwa anacheka kwa meno yote.

— Haya, Sitwayeni Shofere, nikamwambia, kivuko haitakungoja.

Alikuwa amekwisha kuingiza gia. Akalisimamisha gari tena, akatoa kichwa nje ili watu wote wa stesheni wamsikie.

— Niite Mazuti! akasema.