Upande Aliokaa Bawabu

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate la Bi Hufnagel, mkabala na kisima cha uwanjani, na kama hukuzaliwa Wallenbrunn au hukuoa hapa, huji ukaketi tu hivihivi. Asubuhi ile ilikuwa Ijumaa ya kuelekea Pentekoste. Bendera zilishatundikwa kutoka lango la juu mpaka kanisani, mabasi yalishaanza kushusha wageni na kamera zao, na sisi wanne tulikuwa na vikombe vya kahawa mkononi na sura za msibani. Meya, ambaye hajawahi kuwa meya ila amegombea mara mbili akaangushwa, alipakata mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na kofia ya njano ya Bawabu, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Aliikuta imening'inizwa kwenye kitasa cha ukumbi wa kamati ya sikukuu, bila neno lolote.

Bila Bawabu hakuna sikukuu. Zamani za vita na Waswidi, bawabu mmoja alifungua lango kwa kuahidiwa paja la nguruwe, na mji ukachomwa. Ndiyo maana kila Jumatatu ya Pentekoste mtu mmoja huvaa kofia ya njano akatembezwa kutoka langoni mpaka kisimani, huku mji mzima, watoto wakiwa mbele, ukimrushia kabichi na mikate iliyolowa na kumwita msaliti. Akifika kisimani anatumbukizwa, wageni wanapiga picha, kisha watu wanakwenda kwenye hema kunywa bia. Yeye haendi. Desturi inasema kwa siku tatu za sikukuu Bawabu hakai meza moja na mtu wa mji.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Bawabu alikuwa Lothar Kretschmar wa idara ya maji. Alikuja kwetu kutoka mashariki, ukuta wa Berlin ulipoanguka, na mwaka ule ule alipofika kamati ilikuwa imekosa mtu. Akanyoosha mkono. Tulimpigia makofi sana siku ile. Tangu hapo jina la Lothar likafa, hata mwezi wa kwanza kwenye theluji watu walimwita Bawabu.

— Kanunuliwa huyo, alianza Povu.

Povu ameendesha lori la bia maisha yake yote na maneno yake yana wepesi wa jina lake. Alisema mji wa ng'ambo ya mto unatuonea wivu siku nyingi, unataka kuanzisha sikukuu yake ya lango, na umemchukua Bawabu wetu kama timu zinavyochukua mchezaji.

— Wale hata lango hawana, alisema Meya.

— Watajenga.

— Acha kutupiga kamba, bwana. Hii ni siasa.

Meya akatufafanulia siasa yenyewe. Kuna watu wanaona kurushiana kabichi ni ushenzi mbele ya wageni, wamekaa chini na Bawabu wakamlainisha, na nyuma ya hao watu kuna wakubwa wa jimbo, na nyuma ya jimbo kuna Berlin. Alipofika Berlin alishusha sauti na kutazama nyuma, na nyuma yake alikuwepo mgeni mmoja tu anayekula mkate.

Bi Gunda, ambaye tunamwita Tarumbeta kwa kuwa ametembeza wageni mji huu miaka nenda rudi bila kuhitaji kipaza sauti, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Nyie wanaume bwana. Kuna mwanamke hapo.

— Mwanamke gani?

— Kaonekana naye bwawani. Ana kofia ya kuogelea ya buluu.

Nikamuuliza ni nani aliyewaona. Akasema aliyewaona hataki kutajwa. Kikombe cha pili kilipokuja, yule mwanamke alikuwa mjane wa daktari. Kilipofika nusu walishafunga ndoa na kununua nyumba kisiwani Mayorka, na Tarumbeta alikuwa anajua mpaka rangi ya milango.

Povu hakukubali kupitwa.

— Haya, mimi niseme ambalo wote mnaliogopa. Katokea mashariki. Kule walikuwa wanapandikiza wapelelezi. Miaka yote hii anasimama kwenye meza ile ya mlangoni, katugeuzia mgongo, anatusikiliza.

— Anasikiliza nini, Povu? nilimuuliza. Goti bovu la Bi Gunda?

— Ndivyo wanavyofanya kazi, Saa. Wanaanza na goti.

Saa ni mimi. Nilikuwa fundi wa saa ya mnara kabla hawajaweka ya umeme. Na hapo nilicheka kama wenzangu, sitajitoa.

Baadaye Meya akarudi kwenye jambo lenyewe. Jumatatu iko mlangoni, mabasi yamelipiwa, nani atavaa? Akamsogezea Povu mfuko.

— Mimi? Weka mbali hiyo. Nina wajukuu shuleni, wataitwaje wale?

— Ni mchezo tu, Povu.

— Basi vaa wewe.

Meya akasema mtu mwenye nia ya kugombea hawezi kuitwa msaliti hadharani, picha zitabaki. Tarumbeta akasema mume wake hatakubali watu wamtemee mate mkewe, maana siku hizi vijana wakilewa hawaishii kwenye kabichi, wanatema. Nikamuuliza tangu lini wanatema. Akasema mbona siku nyingi, hata wageni wamekuwa wakimuuliza kama kutema nako ni desturi, na yeye huwajibu ndiyo. Nami nikasema kifua changu hakiwezi maji ya kisima. Ni kweli hakiwezi, lakini Lothar ana miaka mitano zaidi yangu.

— Na nikivaa, Jumanne nitanywa kahawa wapi? aliuliza Povu.

— Pale, alisema Tarumbeta, akionyesha kwa kidevu.

Alionyesha ile meza ya kusimamia, ya miguu mirefu na isiyo na viti, kando ya mlango wa duka, karibu na debe la taka. Ndipo Lothar alipokunywa kahawa yake isiyo na maziwa kila asubuhi, kiangazi na baridi, amesimama. Tulicheka. Halafu kicheko kikakatika, kila mtu kwa wakati wake, na nikaona Povu anaendelea kuitazama ile meza. Desturi ni ya siku tatu. Hakuna siku tuliyokaa tukaamua kuifanya ya mwaka mzima. Ilijinyoosha yenyewe nasi tukaiacha, na benchi hili ni la watu watano.

Gari dogo la kijani lilikuja likasimama kando ya kisima, ambapo magari hayaruhusiwi. Tarumbeta alishavuta pumzi ya kulifokea. Akashuka mwanamke wa makamo, mwenye nywele fupi, akaja kwetu moja kwa moja akitabasamu kama mtu aliyeona ndugu zake.

— Ngoja nisiambiwe, alisema. Wewe ni Meya. Wewe Tarumbeta, goti vipi? Wewe Povu. Na wewe lazima Saa, baba anasema tangu walipoweka umeme mnara unachelewa.

Lafudhi yake ilikuwa ile ile ya Lothar. Akatuambia anaitwa Antje, ni mtoto wake, anakaa Rostock, kule mashariki. Baba yake alipigwa na kiharusi kidogo wakati wa baridi, mkono wa kushoto haumtii sawasawa, na sasa amekubali kwenda kuishi naye. Wanaondoka leo, kabla ya sikukuu. Kofia alihangaika nayo mwenyewe siku nzima, kupiga pasi kwa mkono mmoja, hakutaka kusaidiwa.

Kiharusi. Sote tulikuwa hapa wakati wa baridi. Wiki kadhaa ile meza ilikaa bila mtu, na kama kuna mmoja wetu aliuliza, mimi sikumsikia.

— Nimekuja kuwashukuru, alisema Antje. Mama hakutaka kuhamia huku, mimi nikabaki naye, na siku zote nilikuwa na hofu kwamba baba yuko peke yake. Lakini kila Jumapili akipiga simu, habari ni za benchi. Meya kasema hivi, Povu kawatilia chumvi vile. Nilikuwa nalala vizuri.

Meya aliuvuta ule mfuko wa kofia, akauficha chini ya benchi.

— Na wewe Povu, alisema akimshika mkono. Ile supu uliyompelekea alipotoka hospitali. Sitasahau.

Povu hajawahi kujua nyumba ya Lothar iko wapi. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, akatutazama sisi, na sisi tukatazama vikombe vyetu. Mimi nilitamani kisima kile kinimeze. Ni hatua chache tu kutoka meza yake mpaka hapa, maneno yetu yote yalimfikia, na yeye aliyachukua nyumbani akayafanya yake, akajiweka katikati yetu kila Jumapili kwenye simu, mahali ambapo sisi hatukumweka hata siku moja.

— Yuko wapi mwenyewe? niliuliza.

Akaelekeza garini. Lothar alikuwa amekaa kiti cha mbele, na kioo kilikuwa kimepandishwa. Alitazama mbele tu, kwenye mawe ya uwanja, kama wafanyavyo watoto wanaodhani usipowatazama hawaonekani.

— Hakutaka nije, alisema Antje. Kasema niwaache, mna kazi ya sikukuu. Lakini mimi nataka picha. Nitaitundika chumbani kwake, akiamka aione.

Akatoa simu, akarudi nyuma hatua mbili, akapima benchi lote kwa macho.

— Anakaa upande gani?

Nimesikia maswali mengi uwanjani hapa. Wageni wanauliza kanisa lina miaka mingapi, paja la nguruwe lilikuwa la kuchemsha au la kuoka, na Tarumbeta hajawahi kukosa jibu, hata la kubuni. Safari hii aliinamisha kichwa akaanza kufunga kifungo cha sweta ambacho kilikuwa kimefungwa.

— Jamani? Kulia au kushoto?

Sijui nani alianza. Nadhani Povu. Alijisogeza kuelekea ukingoni, Meya akamfuata, mimi na Tarumbeta tukasogea upande wetu, na katikati ya benchi pakabaki nafasi ya mtu mmoja mnene. Hakuna aliyesema kwa mdomo kwamba ni hapa. Tuliacha nafasi iseme kwa niaba yetu, nikaona aibu zaidi kwa vile tuliifanya haraka na vizuri.

— Katikati, alisema Antje, akafurahi kweli. Basi ngoja aje akae mwenyewe, ndiyo itapendeza.

Akakimbilia garini, akafungua mlango, akainama. Tulimwona akituonyesha. Lothar aligeuka pole pole akatutazama, sisi wanne na ile nafasi. Alitutazama muda mrefu kuliko alivyowahi kututazama miaka yote. Akasema maneno machache. Antje akasema kitu, naye akatikisa kichwa, akarudisha macho kwenye mawe.

Povu alikuwa ameshanyanyuka nusu, kikombe mkononi, wala hakwenda wala hakukaa. Antje alirudi akitembea taratibu, simu bado ameishika, na lile tabasamu lilikuwa halijaondoka lote.

— Anawasalimu, alisema. Anasema msihangaike. Lakini anasema sio hapo.

Akainua tena simu.

— Sasa ni wapi?

Bi Hufnagel alitoka na kitambaa, akaanza kufuta ile meza ya kusimamia kama afanyavyo kila asubuhi. Sote wanne tuliisikia ikisuguliwa. Hakuna aliyegeuza shingo.