Kigoda Nilichokificha Chini ya Kitanda

Mheshimiwa Diwani wetu, Mchungaji, Mzee Kalinga mwenyekiti wa maseremala, Ndugu Lutengano uliyetoka Mbeya kuja kumchukua binti yangu Evarista akaanze kazi ofisini kwenu, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu wa hapa Mafinga, na ninyi watoto mliojaa dirishani: kamwene! Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kabla sijasema neno, nimebeba salamu za nyumbani. Bibi Yunisi anawasalimu. Magoti ndiyo yamemzuia, mdomo ni mzima kabisa. Shemeji yangu Aroni anawasalimu kutoka Mgololo, yuko zamu kiwandani. Faustina, binti yangu mkubwa, anawasalimu, amebaki na kichanga chake, na kichanga naye anawasalimu kwa kulia. Baba Evarista huyu hapa, atawasalimu mwenyewe akishakula. Hata ng'ombe wetu mwenye pembe moja, nilipomuaga asubuhi alitikisa kichwa, nami nimeihesabu kuwa salamu.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Tulia, baba. Hizo salamu ndizo hotuba yenyewe, utaona.

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari, kwa hiyo nikikwama msinicheke, nisubirini tu, nitapita.

Evarista alisomea kompyuta Iringa mjini. Aliporudi, maseremala wakamwomba awatengenezee tovuti, ili mtu wa mbali aone vitanda na milango yao, aagize bila kuja kumeza vumbi la mbao. Akaifanya. Lakini alikuwa na utaratibu wake ambao sidhani kama alifundishwa chuoni. Kila ukurasa alioumaliza alinipa mimi simu, akarudi nyuma, akafunga mikono. "Mama, agiza kigoda. Mimi sisemi kitu."

Nikipotea, hakusema mama hajui. Alisema, "Ukurasa ndio haujui, mama. Ngoja niufundishe." Nawauliza ndugu zangu, ni wasomi wangapi mnaowafahamu ambao mtu asipowaelewa wanajilaumu wao?

Na kupotea nilipotea! Nilizoea simu yangu ya batani, ile yenye tochi, ikianguka unaokota betri na mfuniko, unaunganisha, unaendelea na maongezi. Hizi za sasa unazipapasa kama ndama mgonjwa. Kidole changu kimeshika jembe miaka arobaini, kioo hakikitambui, kinaniona kama nimevaa glovu. Evarista akaona, akavifanya vitufe vya maseremala kuwa vikubwa kama vitumbua. Halafu maandishi. Nani aliwaambia watengenezaji waandike kwa kijivu juu ya weupe? Ni sawa na kumwaga uji kwenye sahani nyeupe halafu umwambie mtu autafute. Kuna kurasa nyingine, hazikuwa za Evarista, unasoma habari zako kwa utulivu, tangazo linaruka mbele yako bila kupiga hodi. Nyingine hujakaa vizuri inakuuliza, "Unakubali?" Nakubali nini? Sisi hata posa hatuikubali siku ya kwanza!

Siku moja nikafika kwenye kisanduku cha ujumbe. Nikaandika kama mtu mwenye adabu: "Shikamoo Mzee Kalinga. Habari za nyumbani? Mama Zabron mguu wake umepoa? Yule mtoto aliyeungua na chai vipi? Sisi hatujambo, Bibi Yunisi anakusalimu..." Sijafika hata kwenye kigoda, kisanduku kikawa chekundu. Kikasema: Ujumbe ni mrefu mno.

Ndugu zangu, nina miaka hamsini na saba. Nimeshaambiwa mengi, na mengine na mama mkwe, lakini sijawahi kuambiwa kwamba salamu zangu ni ndefu mno.

Evarista alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka. Akaniuliza, "Mama, kwani ungeanzaje kuagiza kigoda?"

Nikamwambia, "Nitamwombaje mtu kitu sijamuuliza ameamkaje?"

Akakirefusha kile kisanduku, na juu yake akaandika: Karibu, tusalimiane kwanza. Mzee Kalinga ni shahidi. Tangu siku hiyo wateja wa majaribio wanajieleza wenyewe. Kuna bwana mmoja aliandika habari za mke wake, za mvua na za shamba lake la viazi, mwishoni kabisa akaagiza viti sita.

Sasa nifike pazito.

Evarista alikuwa amejiwekea sharti. Alisema, "Siku mama atakapoagiza peke yake, bila mimi kufungua mdomo, kazi imeisha, naenda Mbeya." Ndugu Lutengano akapiga simu mara ya kwanza, akajibiwa, "Bado kidogo, mama yangu anapotea." Akapiga mara ya pili, jibu lile lile. Mara ya tatu akasema Jumatatu ndiyo mwisho, nafasi atapewa mwingine. Ndiyo maana leo tumeandaa sherehe hii, kufungua tovuti na kumuaga. Lakini asubuhi jikoni nimemsikia akimwambia baba yake, "Nitamwomba Ndugu Lutengano wiki moja tena. Siwezi kuwapa watu ukurasa ambao mama yangu bado anapotea."

Timotheo, kijana wa maseremala, niletee kile kitu nyuma ya pazia. Kifunue kanga.

Mnakiona? Kigoda. Msonobari mtupu, miguu mitatu, hakitikisiki. Nilikiagiza kwa simu, peke yangu, mchana kweupe, Evarista akiwa sokoni, wiki tatu zilizopita. Nilisalimu wote, nikaagiza, nikabonyeza Tuma, na nikawaandikia maseremala, "Tafadhali msimwambie mwanangu." Timotheo akakileta akanicheka, "Mama Eva, umefaulu halafu unajificha?" Nikakisukuma chini ya kitanda, kikakaa huko na viatu vya Baba Evarista.

Kuanzia hapo, kila jioni niliposhika simu nilipotea kwa makusudi. Nilibonyeza pembeni. Nilisema mtandao umekata. Siku moja niliishika chini juu. Mwanangu, ulikesha unarekebisha ukurasa ambao haukuwa na ugonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi.

Niliogopa. Mbeya asubuhi kuna baridi na kifua chako nakijua. Niliogopa chakula cha kununua, niliogopa pikipiki za barabarani. Na nikisema kweli yote, niliogopa zaidi jioni ya nyumbani kwangu isiyokuwa na mtu wa kuniambia, "Mama, agiza kigoda."

Ndugu Lutengano, usimwandike binti yangu kuwa ni mchelewaji. Kuchelewa kote ni kwangu. Na huko ofisini msimcheke akiomba mama wa mtu yeyote aje ajaribu kurasa zenu. Mkikosa mama, nipo.

Mheshimiwa Diwani, ulitaka kuifungua tovuti kwa kukata utepe. Naomba unisamehe, nimeshaandika ujumbe hapa, na tangu jana ujumbe wa maseremala unaingia pia kwenye simu ya Evarista, aujaribu kwa mara ya mwisho. Nausoma: "Evarista mwanangu, salamu nyingi. Bibi hajambo, baba yako hajambo, Faustina na mtoto hawajambo, ng'ombe anakula vizuri. Mimi sijambo kiasi. Ukurasa umeisha, nilipita zamani. Nenda."

Nabonyeza. Kitumbua hiki hapa. Tayari.

Imelia? Nimeisikia. Usilie wewe, Eva, imetosha kulia simu.

Mheshimiwa, Mchungaji, Mzee Kalinga na maseremala wako mliotunza siri yangu, ninyi nyote mliovumilia daftari langu mpaka ukurasa wa mwisho, Mungu awalipe kwa masikio yenu. Chakula kipo, togwa ipo, wasioshiba wamuone Baba Evarista.

Na wewe mwanangu, usinijibu hapa. Nijibu ukishashuka Mbeya, kabla hata hujafungua begi. Andika ndefu, kisanduku kinaruhusu. Niambie umeamkaje, umelala wapi, jirani yako anaitwa nani, na unijibu upesi, maana mimi naondoka hapa jukwaani nakwenda kukaa kwenye kigoda changu, simu mkononi, na sinyanyuki mpaka ilie.